Fahali wa Mzee Makhanu Aingia Kompyutani

Jumatatu, 4 Agosti

Leo Kakamega imeamka! Vijana wamejaa ukumbi wa kanisa mpaka wengine wamekalia madirisha. Likizo ndiyo hii, mvua kila alasiri, na mwalimu ni mimi, Philip Wanzala, bingwa wa kompyuta wa kujitegemea. Nimewatangazia kwamba hapa hakuna kuchapa barua kama kule kwa Kiprono. Hapa tunaunda gemu! Wamepiga kelele hadi mama wa maombi akaja kuuliza nani ameokoka.

Shida ni moja tu. Ukumbi si wangu. Jumamosi kamati ya kanisa itatazama kazi yangu na ya Kiprono, kisha mmoja wetu apewe ukumbi mwaka mzima. Kiprono ana saiba, duka lake la intaneti, karibu na steji ya matatu, na shati lililopigwa pasi hata mgongoni. Fahali wawili hawakai zizi moja. Nikikosa ukumbi, narudi Musanda kupalilia miwa ya baba. Miwa! Majani yake yananikata hata nikiyawaza.

Jumanne, 5 Agosti

Vijana walitaka gemu ya mpira. Nimekataa. Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Makhanu wa Khayega, na baada ya Mungu, Mzee anampenda fahali wake, Radi. Kwa hivyo gemu yetu ni ya mapigano ya fahali! Akili hiyo jamani, sijui huwa inatoka wapi.

Sheria hakuna wa kufundishwa. Kila mtoto wa huku anajua kwamba fahali anayeuacha uwanja kwanza ndiye ameshindwa. Hakuna cha pointi, hakuna cha refa. Shantel, msichana wa kidato cha pili asiyechoka kuuliza maswali, amemchora Radi na pembe yake iliyopinda. Mpinzani tumemweka Tinga, fahali wa Mzee Masinde, pia wa Khayega. Wazee hao wawili hawajakaa benchi moja tangu Krismasi, Radi alipomtoa Tinga mbio.

Saa nane Shantel akabonyeza, na Radi akatembea. Alitembea! Hatua kwa hatua, kwenye kioo! Ukumbi mzima ukacheza, na mimi nikacheza kuwashinda.

Jumatano, 6 Agosti

Kiprono amekuja eti kuazima kebo. Uongo. Amekuja kuchungulia. Akasema gemu hazimfunzi mtoto chochote. Nikamwambia vijana wangu sasa wanaamuru kompyuta kwa "kama hivi, basi vile": kama pembe imegusa, basi nguvu ipungue, kama nguvu imeisha, basi fahali akimbie. Akacheka na meno yote. Mwenye wivu ajinyonge.

Jioni Mzee Makhanu akanisimamisha langoni. Amesikia. Akauliza nani hushinda. Nikajibu kwa fahari kwamba gemu ni ya haki, hushinda yeyote. Mzee akasema haki ni kitu kizuri sana, lakini Radi hakimbiangi. Halafu akaniuliza kama ukumbi ninaupenda.

Naupenda, Mzee. Naupenda sana!

Alhamisi, 7 Agosti

Vijana wamejaribu gemu asubuhi yote. Mara anashinda Radi, mara Tinga. Wanafurahi ajabu, nami jasho linanitoka. Haki ya aina hii itanirudisha Musanda.

Walipoenda kula, niliingia kwenye laptopu. Amri ya kumfanya Radi akimbie, nimeifuta. Kisha nikampa kasi. Kasi kidogo? La! Nikaongeza sufuri, na nyingine, na nyingine, mpaka roho ikatulia.

Ni kweli, ubaoni niliandika kwa mkono wangu: ukibadilisha kitu, jaribu kwanza. Lakini hayo ni ya wanafunzi.

Ijumaa, 8 Agosti

Shantel ameomba tujaribu mara ya mwisho. Nimemkatalia. Nimemwambia laptopu nayo huchoka, inahitaji kupumzika. Ameniangalia vibaya.

Suti ya kaka inanibana kwapani ila inapendeza!

Jumamosi, 9 Agosti

Wacha niandike kabla sijabadili mawazo.

Watu walitoka uwanja wa mafahali moja kwa moja wakaingia kwetu, na matawi yao mikononi, na ngoma zao za isukuti. Mzee Masinde naye akaja. Nani kamwalika? Kiprono! Yeye alitangulia, akaonyesha barua yenye maua pembeni. Makofi ya heshima.

Zamu yetu! Shuka ukutani, projekta, picha ikatokea: Radi kushoto, Tinga kulia akicheua, maana Shantel alimfundisha kucheua. Ngoma zikalia, kina mama wakapiga vigelegele. Nikamwomba Mzee Makhanu abonyeze yeye mwenyewe. Akakunja mkono wa koti, akabonyeza.

Radi akaruka. Akampita Tinga bila hata kumgusa, akatokea upande wa pili wa shuka, akaenda. Hakurudi. Tinga akabaki peke yake uwanjani, anacheua.

Shingo zote zikageukia alikopotelea Radi. Halafu mtu akapaza sauti kutoka nyuma: Radi amekimbia!

Ukumbi ukalipuka! Wakambeba Mzee Masinde juu juu, wakakimbia naye hadi nje kwenye mvua, isukuti nyuma yao. Nikapiga kelele kwamba hajakimbia, ni kasi tu imezidi. Mzee Makhanu akanijibu polepole kwamba tangu azaliwe hajaona fahali akitoroka kwa kasi ile. Akampa Kiprono ukumbi palepale, akatokea mlango wa kwaya ili asionekane.

Shantel alifungua laptopu, akaziona sufuri zangu. Hakunitukana. Akasema tu kwamba walikuwa wameifanya vizuri, na machozi yakamtoka. Nimeumia. Kweli, hapo nimeumia.

Jumapili, 10 Agosti

Mungu hamtupi mja wake!

Baada ya ibada Mzee Masinde akanikamata mkono kwa furaha. Ananipa stoo yake ya mahindi pale Khayega niwafunzie vijana, mwaka mzima, bure! Sharti ni moja: Jumamosi ijayo gemu ionyeshwe sokoni, na Tinga asikimbie. Nikaapa.

Saa ya chai Mzee Makhanu akapiga simu. Kiprono atanyang'anywa ukumbi, nirudishiwe mimi, mradi siku hiyohiyo, mbele ya watu walewale, Radi asikimbie. Nikaapa pia. Stoo na ukumbi! Shule mbili! Kiprono atalia!

Shantel ameniomba, karibu apige magoti, tushike stoo tu, turudishe gemu ya haki, tujaribu wiki nzima, na ashinde atakayeshinda. Nikamwambia yeye bado mtoto, mambo ya wazee hayajui.

Sasa hivi nimemaliza. Ile amri ya kukimbia nimeifuta kwa mafahali wote wawili, na wote nimewapa kasi sawasawa, mara kumi ya ile ya jana, asije mzee akalalamika kwamba nimempendelea mwenzake. Kujaribu sijajaribu. Leo ni Jumapili, siku ya mapumziko.