Nilimfukuza Dereva, Nikaishia Kumwambia Shikamoo

Jamani, leo nimeaibika. Na kuku wangu wote wameona.

Nawaeleza mwenyewe kabla Rama wa bodaboda hajawaeleza kwa namna yake. (Naandika kwa kidole kimoja, kiganja kimechubuka. Vumilieni.)

Mnakumbuka Jumapili tulipokwenda kumwona Hamisi, mguu umefungwa bandeji. Gari lilimbana mpaka akaingia mtaroni na matenga yake, na dereva hakugeuza hata shingo. Siku ile sisi wabeba kuku wote tukakubaliana: atakayempata dereva wa namna hiyo amwambie ukweli usoni, kwa niaba yetu sote. Halafu mkanitazama mimi, mkacheka. Hamisi na mguu wake akasema, "Huyu? Huyu ukimkanyaga, yeye ndiye anakuomba radhi."

Maneno yale yaliniuma. Nikajiapiza kwamba wa kwanza kusema nitakuwa mimi.

Basi leo asubuhi nimetoka Mandewa na tenga la kuku kwenye keria, nawapeleka kwa mama Neema mwenye mgahawa mjini. Upepo ulikuwa ule wetu, wa kukusukuma ubavuni kama mtu mwenye kisirani. Nimebana kushoto kabisa, pale lami inapoishia na mchanga unapoanza. Mimi siombi barabara nzima! Naomba upana wa mabega yangu na tenga. Ni kikubwa hicho?

Lori likanipita, likanimwagia vumbi. Nikanyamaza. Basi likanipigia honi kana kwamba nimelala kitandani kwake. Nikanyamaza. Ndipo ikaja pikapu nyeupe.

Upande wa pili ulikuwa mtupu. Mtupu kabisa! Angeweza kunipita akiwa na kundi la ng'ombe ubavuni. Lakini wapi. Alinipita karibu mpaka kioo chake cha pembeni kikanigonga kiwiko. Nikayumba, mchanga ukashika tairi la mbele, nikaenda chini kama gunia la alizeti.

Tenga nilikuwa nimelifunga vizuri kwa mpira (hapo najisifu, maana baadaye hakuna pa kujisifia). Kuku walipiga kelele za kuuawa, lakini hawakuumia. Mimi kiganja kilichubuka na suruali ikapasuka gotini. Pikapu ikaenda zake.

Ng'ambo palikuwa na kijiwe cha bodaboda. Rama akasimama juu ya pikipiki yake, akaangalia mbele.

"Dogo! Imekata kulia! Inaegesha pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi! Usimwache huyo!"

"Atakuua siku nyingine!" mwingine akapaza sauti.

Nikamkumbuka Hamisi. Nikainua baiskeli, nikakanyaga pedeli. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno mdomoni. "Wewe! Hii barabara ni ya baba yako? Sisi si watu? Una leseni wewe?" Yalikuwa maneno mazuri sana. Nasikitika hamkuyasikia. Hakuna aliyeyasikia.

Nilipofika, bodaboda wote walikuwa wameshafika. Na watu wa dukani wametoka nje. Pikapu imeegeshwa, pua imeelekea dukani, mifuko ya saruji imeshapakiwa. Dereva anawasha gari. Anataka kukimbia! Nikaisimamisha baiskeli yangu nyuma yake kabisa ili asitoke.

"Shusha kuku kwanza," Rama akasema, "wasije wakaumia kwenye ugomvi."

Tukalifungua tenga kwenye keria, tukaliweka kwenye baraza ya duka. Kuku wakatulia, wakatoa vichwa. Watu wakatulia. Nikavuta pumzi, nikaenda kwenye dirisha la dereva, nikagonga kioo kwa hasira.

Kioo kikashuka.

Mzee. Mvi kichwa kizima, sweta la kijivu, umri wa babu yangu au zaidi.

Sijui niwaeleze vipi. Mdomo ulifunguka, na mimi mwenyewe nilikuwa nasubiri kusikia, "Wewe! Hii barabara ni ya baba yako?" Kikatoka:

"Shikamoo."

Tena na magoti yakapinda kidogo!

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Nyuma yangu nikamsikia Rama ananong'ona, "Huo ndio ugomvi wenyewe?"

Sasa niambieni nyie mnaojua kusema. Ukishaitikiwa marahaba, unarudije kwenye matusi? Unapitia wapi? Mimi nilitafuta njia, sikuiona.

Mzee akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba. Uso wake ukawaka. "Kumbe mjukuu wangu! Babu yako nilichunga naye. Mwambie ng'ombe aliyempoteza bado namkumbuka." Akacheka. Watu wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, kiwiko kinaniwaka moto.

"Mwambie sasa!" Rama akanisukuma mgongoni.

Nikasema, "Babu, kule barabarani..."

"Eeh, kule barabarani!" mzee akadakia. "Ni wewe yule? Unaendesha vibaya, mjukuu wangu. Unayumbayumba. Nusura unigonge."

Nusura NIMGONGE! Mimi, na baiskeli! Yeye, na pikapu!

Nikafungua mdomo. Kikatoka, "Nimesikia, babu."

"Haya. Shingo yangu haigeuki siku hizi. Niangalizie nyuma, nirudi."

Na hapa ndipo naomba mnielewe. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Niliona aibu kuwatazama watu, kwa hiyo nikatazama barabarani, nihakikishe magari hayampitii mzee karibu. (Ndiyo. Mimi. Nilikuwa namlinda yeye na magari.) Nikapunga mkono.

"Njoo, babu. Njoo, njoo."

"Baiskeli!" watu wakapiga kelele. "Baiskeli!"

Nikachungulia barabara upande huu. Nikachungulia upande ule. Hakuna baiskeli hata moja.

"Hakuna baiskeli, babu! Njoo tu!"

Kraaa.

Sauti ile bado ninayo masikioni. Nilipogeuka, rimu ya nyuma ilikuwa imejikunja kama chapati iliyokunjwa ili ichovywe kwenye chai. Spoku zimesimama kila upande. Mzee akashuka taratibu, akazunguka, akaangalia.

"Nani ameegesha baiskeli mahali kama hapa?"

Watu wote wakanigeukia mimi. Hata kuku.

Ndipo, wenzangu, ndipo sauti ikanitoka. Yale mazuri yote yalikuwa yameshapotea, likabaki moja tu, na nikalisema karibu nalia.

"Babu, ungeniachia nafasi. Nafasi kidogo tu."

Mzee akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa.

"Ningekuachiaje nafasi, mjukuu wangu, na wewe ndiye uliyekuwa unaniambia njoo?"

Watu walicheka mpaka mwenye duka akakaa chini. Rama alishika ukuta. Na mimi, mbele yao wote, suruali imepasuka, baiskeli imekunjwa, nikasema:

"Kweli, babu. Nisamehe."

Hamisi, ulisema.

Kuku Rama amewapeleka kwa mama Neema, wamefika wazima, wamepanda pikipiki kama mabosi. Mzee ameniambia nimsalimie babu, kisha akaondoka, na alipokuwa anaingia barabarani alimbana mwendesha baiskeli mwingine mpaka kwenye mchanga. Kwa macho yangu!

Mimi narudi Mandewa kwa miguu. Mkimwona mtu amebebwa na aibu na yeye amebeba baiskeli begani, ndiye mimi. Msicheke, msipige honi. Pitieni mbali.