Kompyuta ya Bure na Magoti ya Mama Mkwe

Saint-Josse, Brussels, Jumatano

Kwa Papa Lucien, baba ya Guylain,
na kwa Maman Cécile, akae karibu ausikie ukweli ukisomwa kwa sauti.

Juu ya: mambo ambayo mtoto wenu amefanya ndani ya kompyuta yangu.

Mkwe wangu mheshimiwa,

Pokea kwanza heshima zangu zote, hata zile ambazo kwa leo ningependa kuzizuia.

Mimi ni Maman Mwadi, mzaliwa wa Likasi, mama ya Ornella. Ornella unamjua, maana ndiye ambaye mtoto wenu anataka kumwoa, lakini kukumbusha si vibaya: ni mfamasia. Anavaa koti jeupe, na wazungu wanapanga mstari mbele yake wakisubiri, hata wale wenye haraka. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita. Lakini mtoto huyo alitoka ndani ya tumbo hili, donc akili yake ilipita hapa kwangu kabla ya kufika kule.

Pia ni mimi ninayeandika na kuchapa programu za ndoa na za matanga kwa Wakatanga wa Brussels. Kama umewahi kushika programu yenye herufi za dhahabu na njiwa wawili pembeni, basi ulishika kazi ya mikono yangu.

Bon. Kompyuta yangu ilianza kuniandikia kila asubuhi kwamba imezeeka, kwamba programu kubwa inayoiendesha haitatunzwa tena, na kwamba ninunue mashine nyingine. Ornella akasema: "Maman, usinunue kitu. Guylain atakuwekea Linux." Akanieleza kwamba ile ya zamani ni ya kampuni, inauzwa, na ndani yake imefungwa. Hii Linux ni ya bure, imeandikwa na watu wa dunia nzima, na kila muntu ana ruhusa ya kuifungua, kuangalia ndani na kubadilisha. Guylain alikuja Jumapili moja, sasa ni miezi miwili, nikiwa kanisani, akafanya kazi yake, akaondoka kabla sijarudi, kama inavyompasa mtu anayemheshimu mama mkwe. Hapo nilimsifu. Sasa nimeacha.

Nilitaka kwanza kumwandikia mwenye Linux. Nikauliza anuani ya direkta. Ornella akacheka mpaka akakohoa: "Maman, haina direkta!" Alors nikafikiri peke yangu. Kitu kisicho na mwenyewe, anayejibu ni yule aliyekileta nyumbani. Aliyekileta ni Guylain. Guylain bado hajaoa, donc bado ni wa baba yake. Ndiyo maana barua hii imefika kwako na si Amerika.

Jumamosi hii familia zetu mbili zinapaswa kukutana kwangu kupanga siku ya ndoa. Ninakuambia bila kuficha: nisipopata jibu, mlango wangu Jumamosi hautafunguka, na ndoa itasubiri. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mtoto wenu amenipa zawadi isiyosimulika. Nilikuwa salon kule Matonge, nasukwa, na Maman Graciella amekaa kiti cha karibu. Yeye mkwe wake alimletea friji yenye milango miwili, na tangu siku ile anaongea kama mtu ambaye naye ana milango miwili. Akaniuliza: "Na wako, alikuletea nini?" Nikasema: Linux. "Ya bei gani?" Nikasema: ni ya bure. Akaniambia mbele ya watu: "Aa, ya bure? Maman Mwadi, hata mvua ya Brussels ni ya bure." Nilirudi nyumbani na nusu ya kichwa haijasukwa. Mkwe anayempenda mama mkwe angeweza angalau kudanganya bei.

2. Watu walioandika kitu hicho ni wengi, wako Brazili, wako Finlandi, wako Uhindi, na hawajuani. Kila mmoja anatia chumvi yake na kwenda. Kwetu mtu akikupikia unamjua, unajua na mama yake. Hawa wako ndani ya nyumba yangu usiku na mchana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupita kunisalimu.

3. Hapa ninaomba Maman Cécile ajishike vizuri kwenye kiti. Ninyi watu wa Bukavu sijui mnafanyaje, lakini kwa wazee wetu wa Katanga, mkwe na mama mkwe hawakai meza moja na hawatazamani machoni. Mkwe akimwona mama mkwe anakuja njiani, anaingia majanini mpaka apite. Na uchi wa mama mkwe, hata wa kidole, ni mwiko.

Siku moja picha ya marehemu ilikataa kukaa mahali pake kwenye programu ya matanga. Nikampigia Ornella simu. Akasema: "Maman, toa mkono. Guylain anaingia kutoka kazini kwake." Nikauliza anaingia wapi, mlango nimefunga na ufunguo. Nikaona ule mshale wa kompyuta unatembea peke yake! Papa Lucien, nilikuwa nimefunga kitenge kifuani na kichwa wazi. Nilichukua taulo la jikoni nikajifunika, nikasimama nyuma ya mlango wa friji. Ornella ananiambia: "Lakini Maman, yeye anaona kioo tu, hakuoni wewe." Hanioni? Kwenye kioo kile palikuwa na picha yangu ninayoipenda kuliko zote, ya ufukweni Ostende: nimesimama ndani ya maji, nimeinua kitenge, na magoti yangu yote mawili yako nje, yanang'aa. Donc mkwe wangu ameona magoti ya mama mkwe wake. Na hakuyaona peke yake. Anafanya kazi katika mnara mmoja karibu na stesheni ya Gare du Nord, kwenye chumba cha watu wengi. Mkubwa wake, madamu mmoja anayeitwa Chloé, alipita nyuma yake akauliza mama huyu mzuri ni nani. Hilo la mwisho silalamikii. Ninaliandika kwa ajili ya ukweli tu.

4. Kesho yake nafungua kompyuta, magoti hayapo. Guylain aliyaondoa, eti kwa heshima, akaweka mlima wenye theluji. Ninauliza: madamu Chloé aliona uzuri, mkwe wangu akaona aibu? Wateja wangu sasa wanakaa mbele ya mlima usio jamaa ya mtu yeyote. Usiseme kwamba ninajipinga, Papa Lucien. Kosa la kuona ni moja. Kosa la kuona halafu kutotaka kuona tena ni lingine, na ni kubwa zaidi.

5. Hili ndilo linaloniuma, na nimeliweka mwisho kwa sababu mkono ulikuwa unakataa kuliandika. Linux haiharibiki. Ile ya zamani ilikuwa inaharibika vizuri. Karibu kila Alhamisi ilikuwa inakwama, nampigia Ornella, anatoka kazini, anapanda tramu, anakuja. Anakaa mbele ya mashine ananigombeza: "Maman, umebonyeza nini tena?" Mimi nasonga bukari, sombe ya majani ya muhogo iko motoni. Mashine inapona, anakula, ananisimulia wagonjwa wake bila kutaja majina, anaondoka na sahani iliyofunikwa. Sasa mashine ni nzima kama ng'ombe. Na hata ikikohoa kidogo, ule mkono wa Guylain unaingia kutoka mbali na kuiponya kabla maji ya bukari hayajachemka. Tangu Linux iingie, Ornella amekuja mara moja, na alikuja kwa sababu ya mwavuli aliousahau. Mtoto wenu bado hajamwoa binti yangu, na amekwisha kumchukua.

Kwa hiyo ninadai, kwa upole. Kwa magoti kuonekana: mbuzi mmoja mzima, si vipande, Abdul-Aziz mwenye bucha ya hapa kwetu anajua ninavyotaka akatwe. Kwa magoti kuondolewa: yarudishwe, na Guylain anapoyarudisha afumbe macho. Na kwa lile la tano, kwa kuwa Ornella alisema kila muntu anaweza kubadilisha ndani ya Linux, basi abadilishe. Aitie ugonjwa. Usiwe ugonjwa mkubwa, maana nina programu ya matanga ya kumaliza. Uwe ugonjwa mdogo tu wa kila Alhamisi jioni, ule ambao mkono wa mbali hauwezi kuuponya na mfamasia anauweza. Watu wa Finlandi wakiuliza sababu, wapeni namba yangu ya simu, nitawaeleza.

Nisalimie Mignonne, dada ya Guylain, na mtoto aliye tumboni mwake. Nisalimie majirani zenu wote, na kwaya ya kanisa lenu, isipokuwa yule wa sauti ya nne aliyekataa programu zangu akaenda kuchapisha kwingine. Mungu awape maisha marefu na akili ya kujibu haraka.

Mimi, katika heshima kamili na hasira ya kiasi,

Maman Mwadi, mama ya Ornella (mfamasia)

N.B. Maneno haya ninayaongeza kwa kalamu, leo Alhamisi. Barua ilikuwa imekwisha, imebaki kuichapa. Nikajiambia: Mwadi, kwa nini usubiri ugonjwa wa Guylain, wewe huna mikono? Nikainama nyuma ya mashine ya kuchapa, nikachomoa waya, nikampigia Ornella simu kwa sauti ya mjane. Mkono wa mbali ulijaribu, barua hii ikiwa bado wazi kwenye kioo, ukashindwa. Mkono ule hauwezi kuinama nyuma ya mashine. Basi walikuja wenyewe, wote wawili. Guylain alibaki nje kwenye ngazi, uso ukutani, mgongo kwangu, kama mkwe aliyelelewa na watu. Ornella alitafuta kosa ndani ya kioo mpaka sombe ikaiva, ananigombeza kama zamani, na mimi namjibu kama zamani. Alipoingia jikoni kuchukua sahani, nikamsikia Guylain anasema na ukuta kwa sauti ndogo: "Ukuta, tafadhali, mwambie Maman arudishe waya, achape barua yake. Akimaliza, autoe tena. Alhamisi ijayo tutakuja kuutafuta."

Papa Lucien, yule mbuzi mwacheni aishi. Barua hii anakuletea Guylain mwenyewe; namba tatu usimsomee. Jumamosi njooni mapema, mlango utakuwa wazi. Siku ya ndoa chagueni ninyi, yoyote mtakayoitaja nimeikubali. Isiwe Alhamisi tu.