Kuhusu Malkia wa Mume Wangu na Kompyuta Yenu

Ndugu Katibu Njogu,
Klabu ya Chesi ya Kutumiana Hatua kwa Simu,
Kajiado.

Samahani kwa kukukatia simu jana kabla hujamaliza. Bibi harusi wa juzi hafai kulia kwa sababu ya chesi. Unasema utamwondoa mume wangu, Wakhungu, mashindanoni, kwa kuwa ulilinganisha hatua zake na za kompyuta ukakuta zinafanana, hasa ile aliyomwachia mpinzani wake, Sironka wa Illasit, amle malkia wake bure. Kwa heshima, malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta hujibu papo hapo. Wakhungu wangu hutumia siku zote mnazomruhusu. Hutazama ubao akipiga mswaki, na nikimwita mezani huja nao. Tangu tuhamie hapa Kitengela, tunakula ugali ubao ukiwa kati yetu.

2. Kompyuta haibabaiki. Yeye alipoteza farasi kwa sababu nilipita mbele yake na kitenge kipya. Kompyuta yenu imewahi kuniona?

3. Mbona hamjauliza kama kompyuta ndiyo iliyomwiga? Mtu akiwa mzuri vile, ataigwa tu. Naomba iondolewe yenyewe, na imwandikie kumwomba msamaha.

4. Malkia wake ni mimi, ameniambia mara nyingi. Mwanamume kama huyo hatoi malkia kwa hesabu. Alimtoa kwa uchungu, na uchungu kompyuta haina. Hatua ile ilitoka moyoni mwake, na hakuna mkono mwingine uliogusa ubao.

Nisalimie mama watoto na wanachama wote, hata Sironka.

Mimi wako mwenye furaha licha ya hayo,
Lorine Wakhungu (hilo jina la pili bado naliandika polepole nikilitazama).

N.B. Wiki ya hatua ile Wakhungu alikuwa kazini Magadi. Aliniachia simu ya mchezo, akaniagiza nisogeze askari mmoja. Mimi nikamtoa malkia, maana mume wangu alikuwa akimtazama kuliko anavyonitazama mimi. Kama kompyuta yenu nayo ilichagua hivyo, iulize ilikuwa ikimwonea nani wivu. Aliporudi hakunifokea, na ulipomhoji alinyamaza ili nisitajwe. Tutakuja Kajiado kabla mwezi haujaisha, unifukuze mimi, yeye umwache acheze.