Hisa Tisini na Tisa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Meneja wa jengo la ghorofa nane yuko tayari kunipa mkataba wa kutengeneza lifti zake. Sharti lake: nisajili biashara kabla ya Ijumaa. Nimestaafu miezi miwili tu iliyopita na kijasho chembamba kinanitoka tena. Karani wa usajili alinieleza kwamba mfanyabiashara binafsi hubeba lawama zote mwenyewe. Lifti ikianguka, mahakama inaweza kunifuata hadi nyumbani. Nyumbani! Nyumba niliyoijenga kwa miaka kumi na tisa. Chai imenishinda.

Jumanne, tarehe 4

Nilifikiria ubia na Bisibisi, mwenzangu wa karakana ya zamani. Mikono mizuri, mdomo mchafu. Karani akasema kwamba katika ubia, kosa la mmoja huwaangukia wote. Kumbe Bisibisi akisahau kukaza nati moja, inauzwa nyumba yangu! Nilimpigia simu kumwambia tusiendelee. Alicheka. Alidai kwamba enzi zile yeye ndiye aliyepanda lifti kujaribu kazi zangu, nami nikipanda ngazi. Mzushi. Nilipanda ngazi kwa ajili ya afya.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata! Kampuni ya dhima yenye kikomo. Ikikosea, hushtakiwa yenyewe. Hata hivyo moyo haukutulia. Nikaongeza tahadhari: hisa tisini na tisa za mke wangu, moja yangu. Mkurugenzi yeye. Nyumba pia nimeihamishia kwake. Sasa sina hata kijiko cha kuchukuliwa. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama nimezisoma karatasi hizo. Nilimwambia asiogope, atie sahihi tu. Akatia, tena kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi, tarehe 6

Nilikwenda kukagua lifti. Meneja alinitaka tupande pamoja hadi ghorofa ya nane. Mlango ulipofunguka, nywele zilinisimama. Nikakumbuka ghafla kwamba nimesahau koleo. Nikapita ngazini. Nilipofika juu, meneja alikuwa amekwisha kumpigia simu mkurugenzi.

Ijumaa, tarehe 7

Mkurugenzi aliitisha kikao jikoni. Ajenda moja: fundi. Nilipinga kwa hisa yangu moja.

“Baba watoto,” alisema huku akisugua sufuria, “meneja hataki fundi anayeikimbia lifti. Bisibisi anaanza kesho. Wewe utashika stoo.”

Nilimkumbusha kwamba yumo ndani ya nyumba yangu. Alinitazama tu kwa huruma, mpaka nikakumbuka.

Jumamosi, tarehe 8

Bisibisi amekuja kuchukua vifaa. Ameniita mzee wa stoo, na mke wangu amecheka. Wakinichoka, nitalala wapi?

Lakini sijashindwa. Jumatatu nasajili kampuni ya pili, niunyakue mkataba ule. Safari hii sitafanya kosa la kumwamini mke. Hisa tisini na tisa nitamwandikia mama yake.