Nyota Tano kwa Magari Yasiyo na Indiketa

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Gemu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na huyo mwandishi wako anayejiita Kidole Chepesi, ambaye kila Ijumaa hugawa nyota gazetini mwako kama mtu anayewagawia watoto peremende ili wanyamaze. Mimi si msomaji wa ukurasa wako. Huwa nausoma tu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, ili nijue adui amefika wapi.

Nijitambulishe. Mimi ni mtahini wa madereva, mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nimekaa kiti cha abiria katika magari ya wanafunzi, mkanda umenibana tumbo, kalamu mkononi, na magotini karatasi yenye visanduku ishirini na vinne vya kutia alama. Nimewafelisha walimu wakuu, nimewafelisha mahakimu, na shemeji yangu nimemfelisha mara nne, mara ya mwisho kabla hajawasha gari. Kwa hiyo ninaposema jambo halifai, usidhani ni uzee.

Miezi minane iliyopita binti yangu, ambaye ni mfamasia, alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Alikuja na masanduku matatu, mabinti zake wawili, na mashine ya gemu. Mjukuu mkubwa ana miaka kumi na miwili na tunamwita Wakili, kwa sababu yeye habishi, anakata rufaa. Mdogo ana miaka saba, naye ni Kifaranga. Mashine ilipewa mahali pa heshima sebuleni, chini ya runinga, pale pale ilipokuwa redio yangu. Redio ilihamishiwa jikoni, nami nikaelezwa kwa adabu kwamba naweza kuifuata.

Sikununa, maana kununa si tabia ya mtaalamu. Nilichofanya ni kutoa bunda la karatasi za mtihani nililopewa siku ya kustaafu, nadhani kwa kunihurumia, nikakaa kochini na kuanza kuzitahini hizo gemu moja baada ya nyingine. Kila matokeo niliyabandika kwenye mlango wa friji, kama tulivyokuwa tukibandika ofisini. Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu. Naomba uyachapishe bila kukata hata nukta.

1. Gemu ya mbio za magari. Kidole Chepesi aliipa nyota tano na kuandika kwamba ina "uhalisia wa kutisha". Kutisha, nakubali. Nilipokabidhiwa ile pedi ya vitufe ya kuchezea nilitafuta kitufe cha mkanda, hakuna. Nikatafuta indiketa, hakuna. Taa ilipowaka kijani, magari kumi na moja yaliondoka kama yamefukuzwa na nyuki. Mimi niliondoka kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa, kwa kuwa lile lilikuwa eneo lenye watu. Walijaa pande zote mbili za barabara, tena wengine wamebeba watoto. Kwenye kona nilipunguza. Kwenye michoro ya kivuko nilisimama. Wakili akaniambia, "Babu, hakuna anayevuka!" Nikamjibu kwamba wote niliowafelisha walisema hivyo hivyo. Nilimaliza nikiwa wa kumi na mbili kati ya magari kumi na mawili, bila mkwaruzo hata mmoja, na mashine ikaniandikia kwa herufi nyekundu kwamba nimeshindwa. Aliyepewa kikombe alikuwa amegonga ukuta mara sita na kunigonga mimi mara moja. Ndugu Mhariri, mtu wa namna ile hapewi kikombe. Anapelekwa kituoni akaandike maelezo.

AMEFELI.

2. Gemu ya mpira. Mchezaji wangu alikwatuliwa dakika ya kumi, akagaagaa, akashika goti, akatoa macho kama anaiaga dunia. Dakika ya kumi na moja anakimbia. Yule mtangazaji naye hajui kunyamaza, na alinisifu kwa sauti ya juu kwa pasi safi niliyompa refa. Nilikuwa sijawahi kusifiwa kwa uongo nyumbani kwangu mwenyewe. AMEFELI.

3. Gemu ya vita. Nyota nne na nusu. Hiyo nusu iliyobaki sijui ilifia wapi. Askari anapigwa risasi saba, anajificha nyuma ya pipa, anahema kidogo, basi, amepona! Binti yangu anasimama dukani kutwa nzima, miguu imevimba, akiwasihi watu wamalize dozi, na huku kuna mtu anatibu risasi kwa kuchuchumaa. Mimi nilipewa amri ya kuteka daraja. Nilitaka kwanza kusoma maelekezo yote, kama mtu yeyote mwenye akili zake, nikauawa nikiwa ukurasa wa pili. Nilipofufuka niliuawa tena, safari hii na kifaru kilichoegeshwa kwenye kona kali. Kwenye kona! Nimeandika namba yake. AMEFELI mara mbili.

4. Gemu ya safari na upanga. Huyu shujaa wenu anaingia nyumba za watu bila hodi, anavunja vyungu vyao, anachukua kilichomo, na mwenye nyumba amesimama pale pale akimsimulia habari za binti mfalme. Kidole Chepesi aliuita huo "uhuru usio na mipaka". Enzi zetu ulikuwa na jina fupi zaidi, na ulikuwa na kifungu chake cha sheria. Mimi nilipofika nyumba ya kwanza nilisimama mlangoni nikingoja kukaribishwa. Wakili alikwenda kula, akarudi, akaoga, akarudi, bado ningali mlangoni. Gemu inasemekana ina saa mia moja na ishirini. Sina haraka. Lakini kama hata kwenye nyumba ya kwanza hakuna mtu wa kusema karibu, hao wenyeji wamelelewa na nani?

5. Gemu ya ngumi. Watu wawili wanapigana na sikuelezwa wanagombania nini. Nilisogea niwaamulie, nikapigwa teke. Wakili amenishinda mara kumi na tisa mfululizo kwa kubonyeza vitufe hovyo hovyo bila mpango wowote, kisha ananipa pole. Afadhali angenicheka.

6. Gemu ya kutisha. Hii sikuimaliza, lakini si kwa sababu mnayoifikiria. Nilikumbuka tu kwamba nimeacha maji jikoni. Maji hayakuwako, ila nilikaa nayo hadi gemu ikaisha.

7. Gemu ya kujenga kwa matofali. Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo mambo yalipokwenda mrama.

Kidole Chepesi anasema gemu hii "haina makosa, kila mtoto ni mshindi". Kifaranga alijenga kwa wiki tatu. Kila akitoka shule alivua viatu, akakaa chini karibu na miguu yangu, akaweka matofali. Siku alipomaliza alinishika mkono akanisogeza karibu na runinga. Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili. Juu kabisa ni mama yake, katikati ni yeye na Wakili, na chini ni mimi, "ili Babu usipande ngazi". Nikaitahini inavyostahili. Ngazi hazina pa kushika. Dirisha la jikoni linatazama shimo la moto. Na mbele ya nyumba, Ndugu Mhariri, hakuna maegesho. Hata ya baiskeli! Nyumba ya kuishi mtahini wa madereva, haina pa kuweka gari! Nikajaza visanduku vyangu, nikaandika AMEFELI, nikabandika kwenye friji pamoja na wengine.

Mtoto alilia. Kusema kweli sikulitegemea hilo. Wengi wamelia mbele yangu, watu wazima wenye ndevu zao, na utaratibu ni mmoja: unampa karatasi laini ajifute, kisha unampa tarehe ya kurudia mtihani. Nikampa Kifaranga karatasi laini. Nikampa na tarehe ya kurudia. Akalia zaidi.

Binti yangu aliporudi kutoka kazini alisimama mbele ya friji akaisoma. Akaibandua karatasi ya Kifaranga, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mkoba wake. Hakupandisha sauti, hakunitukana. Alisema tu, "Baba, tumekuzidia. Tutahama." Hivi ninavyoandika ameshapata vyumba viwili karibu na duka lake la dawa, upande wa pili wa mji. Wanaondoka Jumamosi hii, wao na mashine yao.

Kwa hiyo hongera kwangu, nimeshinda. Sebule yangu inarudi. Redio yangu inarudi. Nitasikiliza taarifa ya habari bila milio ya risasi, nitakunywa chai bila mtu kuniuliza kwa nini nakoroga mara tisa, na kochi lote litakuwa langu, upande huu na ule. Tangu mke wangu atangulie, miaka minne iliyopita, niliuzoea ukimya wa nyumba hii. Nitauzoea tena. Kuna watu wanaotafuta ukimya wa namna hiyo maisha yao yote wasiupate.

Lakini ushindi wa mtu mmoja hautoshi, na kwa kuwa chanzo cha yote haya ni nyota zenu, naomba mambo yafuatayo:

(a) Nyota zifutwe mara moja, na mahali pake pawekwe visanduku ishirini na vinne.

(b) Hakuna gemu itakayoingia dukani kabla haijapita mikononi mwangu. Nina nafasi. Kuanzia Jumamosi nitakuwa na nafasi kubwa sana.

(c) Kila mhusika wa gemu, awe askari, shujaa, mpiga ngumi au mzimu, awe na leseni halali inayoonekana kifuani. Mzimu usio na leseni usitokee.

(d) Kila mtoto anayecheza akae na mtu mzima pembeni yake muda wote, tangu gemu inapoanza hadi inapoisha, kila siku, na mtu mzima huyo asiondolewe.

(e) Kidole Chepesi afike kwangu mwenyewe arudishe gari kinyumenyume kati ya mapipa mawili. Akigusa pipa, nyota zote alizowahi kutoa ni batili, na ukurasa unakuwa wangu.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, msahihishaji wenu ambaye wiki iliyopita alipitwa na makosa matatu, mlinzi wa getini, anayeandaa chai, na mama yake Kidole Chepesi popote alipo, maana yeye hana hatia. Nimeambatanisha karatasi sita za matokeo. Ya saba iko kwenye mkoba wa binti yangu.

Ni mimi, ninayeendelea kufunga mkanda,

Mtahini Mstaafu

Nyongeza baada ya sahihi:

Barua ilikuwa tayari imo ndani ya bahasha. Leo asubuhi, watoto wakiwa shule na mama yao kazini, niliwasha mashine mwenyewe ili nipige picha ya ile nyumba, nikuongezee kama ushahidi. Nilitaka picha ya kila upande, basi nikaizunguka polepole, kwa mwendo wangu.

Ndugu Mhariri, maegesho yapo. Yako nyuma ya nyumba. Yana paa, yana taa, na njia ya kuingilia ni pana kiasi kwamba hata shemeji yangu angepita. Ndani kuna gari jekundu la matofali, na ukutani ameandika kwa matofali meupe, herufi moja moja: BABU TU. Siku ile, nilipokuwa najaza visanduku, Kifaranga alikuwa ananivuta mkono niishike pedi. Nilidhani anataka kunibembeleza nibadilishe alama. Kumbe alikuwa ananivuta twende nyuma, nami nikakataa kwenda. Miaka thelathini na moja nimefelisha watu kwa kutotazama nyuma.

Malalamiko yote saba nayafuta. Maombi nayafuta pia, isipokuwa (d), hilo naomba libaki. Usichapishe chochote. Badala yake mwulize Kidole Chepesi, maana yeye anazijua hizi pedi: kitufe cha kuomba radhi ni kipi? Nimevijaribu vyote. Kimoja kinanirusha juu. Kingine kimepanda mti mbele ya mlango, na sijui unang'olewaje. Sasa hivi nimesimama mbele ya nyumba ya mjukuu wangu, kando ya mti, naruka.

Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha. Gazeti lenu hutoka Ijumaa na wao wanaondoka Jumamosi, kwa hiyo tafadhali mwambie asiniandikie, anipigie.