Nyepesi Kuliko Mbuzi

Jumapili, 2 Juni

Imefika! Baiskeli ya umeme ya kupandia milima. Ya kijivu, mpya, bado inanukia boksi. Nimeipa jina Unyoya. Naiinua kwa mkono mmoja. (Mikono miwili, lakini wa pili ulikuwa wa kuegemea tu.) Betri imefichwa ndani ya bomba la fremu, unaichomoa na kuichomeka kama droo. Mtu asiyejua hataona umeme wowote. Ataona misuli yangu.

Mke wangu aliizunguka mara mbili. Hela hii ilikuwa ya tanuri lake kubwa la keki. Nilimshawishi mwenyewe: tanuri linaoka tu, baiskeli inafikisha. Na pa kufikisha papo. Juu ya mlima kuna chuo cha wauguzi, na matroni wa chuo ameagiza keki ya ghorofa tatu kwa ajili ya mahafali, Jumamosi hii asubuhi. Ikifika nzima, chuo kitachukua keki kwa mke wangu kila wiki. Isipofika nzima, hana mteja na hana tanuri. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia alale usingizi wa pono. Akasema ni saa saba mchana.

Kaka yake, shemeji yangu, alikuja kula. Yeye husambaza mikate kwa baiskeli nyeusi ya chuma aliyoachiwa na marehemu baba yao. Nzito kama kabati. Mtaa mzima unaiita Kifaru. Akainyanyua Unyoya, akaipima pima mikononi, akasema si mbaya, shem, ila ina uzito wa mbuzi.

Mbuzi! Mbele ya mama mkwe! Hamu ya kula iliniisha kabisa. Nilikula sahani mbili tu.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Unyoya itapungua mpaka shemeji aombe radhi.

Nilianza kazi studio, kati ya mteja na mteja. (Napiga picha za pasipoti. Kazi ya heshima, ila ina kuchungulia kwingi.) Kengele: nimeing'oa, sauti ninayo. Stendi: nimeing'oa, kuta zipo. Madigadi: mvua hainyeshi kila siku. Mteja mmoja nilimsahau kwenye kigoda, kidevu juu, macho mbele, kama nilivyomwagiza. Nilipomkumbuka alikuwa bado hajajitikisa. Kumbe nidhamu bado ipo nchini.

Mwisho nikang'oa keria. Chuma chote kile nyuma, cha nini? Nimempa jirani yetu, Mama Mapacha, akaiegemeza ukutani na kuanikia sahani. Alinibariki. Mke wangu aliuliza keki sasa itakaa wapi. Nikamjibu kwamba mimi ni mwanamume mwenye mpango. Akasema hicho ndicho anachokiogopa.

Jumanne, 4 Juni

Leo kiti. Kile cha kiwandani kilikuwa kinene, cha kizee. Nimekibadilisha kwa fundi wa baiskeli, akanipa kiti cha mbio, chembamba kama mwiko. Fundi aliuliza kama nitakikalia au nitasongea. Nikacheka naye, maana mtu mwenye maendeleo lazima avumilie mizaha.

Naandika haya nimesimama.

Jumatano, 5 Juni

Breki zililia njia nzima. Kwii! Kwii! Watu wakageuka, na si kwa kustaajabu. Sasa mimi si mtu wa kukimbilia kwa fundi kwa kila kitu. Kinacholia kinataka mafuta, hata mtoto anajua. Nikachukua mafuta ya kupikia ya mke wangu, kidogo tu, nikapaka zile diski za breki, mbele na nyuma, zikameremeta.

Kelele zilikwisha papo hapo. Breki nazo zikaisha.

Niligundua hilo kwenye mteremko wa mtaani kwetu. Niliminya, nikaminya, nikaita majina ya wahenga wote. Nikapita katikati ya kamba ya nguo ya Mama Mapacha, nikaondoka na mashuka mawili na foronya, nikasimamishwa na godoro la watoto wake lililokuwa limeanikwa. Lilikuwa bado halijakauka. Mama Mapacha alizungumza kwa kirefu. Ile baraka ya juzi alikuwa ameshaifuta.

Fundi alikaa chini kabisa kucheka. Akasema diski ya breki haipakwi mafuta, hata ya harufu nzuri. Mafuta ni ya mnyororo, na si hayo ya maandazi. Akazisafisha diski, akabadilisha pedi. Akanisihi kwamba siku nikitaka kung'oa au kupaka kitu kingine chochote, nimuulize kwanza. Nikamshukuru. Moyoni nikamwonea huruma. Ufundi wa kale una woga mwingi.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya ushindi! Naandika kwa herufi kubwa moyoni.

Nilikuwa nimemwambia shemeji: twende bucha, tupime, mbele ya watu. Bucha liko juu ya mtaa wetu na lina mizani ya kuning'iniza, yenye ndoana. Tukakubaliana kupima Unyoya dhidi ya mbuzi mzima aliyechunwa. Mizani haina shemeji.

Asubuhi nikatangulia peke yangu kwa majaribio. Nikamwomba mwenye bucha, tukaitundika. Mbuzi alikuwa mwepesi zaidi. Kidogo. Lakini kidogo ya aibu.

Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi. Betri ni nini? Betri ni abiria. Nani anapima basi pamoja na abiria? Mwenye bucha alipogeuka kunoa kisu, nikaichomoa, nikaizungushia gazeti lake la kufungia nyama, nikaiweka kwenye rafu nyuma ya kaunta, katikati ya vifurushi vingine. Mtu hawezi kushuku kitu.

Mchana watu wakajaa. Shemeji akaja na Kifaru, mikate ikiwa imepanda hadi mabegani. Mbuzi akapimwa. Unyoya ikapimwa. Nyepesi kuliko mbuzi! Watu wakapiga makofi. Shemeji aliutazama mshale wa mizani muda mrefu, akakuna shingo, akanipa mkono, akasema amekosea, shem, anisamehe. Mimi ni muungwana. Nikamsamehe kwa sauti, ili na wa nyuma wasikie.

Kisha akasema kesho alfajiri anapeleka mikate ya chuo, na mwenye bucha amempa na nyama zote za mahafali, hivyo anaweza kurudi kuichukua keki. Kifaru ina keria pana, keki itakaa kama bibi harusi. Nikacheka. Akasema ng'ombe hashindwi na nunduye. Nikamwambia sijawahi kusikia ng'ombe aliyeshinda mbio.

Nikaibeba Unyoya juu ya kichwa hadi nje. Kisha nikapanda na kuteremka mpaka nyumbani, upepo masikioni. Sikugusa hata kitufe cha umeme. Nyepesi hivyo!

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nimelala kifudifudi. Kwa sababu ya kiti, na mengineyo.

Mke wangu aliondoka mapema kwa miguu kwenda kutandika meza. Aliiacha keki kwenye boksi lake. Alikuwa ameipamba kwa siku mbili: maua meupe, jina la chuo, ghorofa ya juu kikofia kidogo cha muuguzi cha sukari. Mlangoni alirudi, akanitazama, akasema mume wangu, hii tu. Hii moja tu. Sijawahi kumsikia akiongea taratibu hivyo. Nikamwambia ihesabu imefika.

Nikaenda kwa Mama Mapacha kuiomba keria. Alisema sahani bado mbichi. Zilikuwa zimekauka kau. Sikubishana. Nikachukua shuka, nikaibeba keki mgongoni kama mtoto mchanga, nikafunga mafundo mawili kifuani. Mpango!

Hadi chini ya mlima, safi kabisa. Nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Nikabembeleza. Nikaiita kwa jina. Kisha nikainama kwenye bomba la fremu, pale penye betri. Palikuwa na tundu. Nikachungulia, nikaona barabara ya upande wa pili.

Lahaula! Abiria!

Nikakimbia bucha, keki mgongoni, boksi likinipiga kisogoni kila hatua. Mwenye bucha alikuwa anaosha kaunta. Rafu ilikuwa tupu. Alisema vifurushi vyote vya rafuni vimekwenda chuoni na shemeji yangu tangu alfajiri. Akauliza mimi niliacha nyama gani. Nikasema ya mfupa.

Basi nikarudi mlimani, nikaanza kupanda kwa pedali. Nilipanda kwa sekunde kadhaa. Kisha nikasukuma. Ajabu ni kwamba baiskeli nyepesi, ukiisukuma mlimani na ghorofa tatu mgongoni, haiwi nyepesi. Wauguzi watarajiwa walinipita wakiwa na viatu vya mchuchumio. Mmoja aliuliza mtoto ana umri gani.

Nusu ya mlima nikamwona shemeji akiteremka na Kifaru tupu. Akashika breki. (Hazikulia.) Akatazama tundu la betri, akanitazama mimi, akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia napumzisha mota. Akasema sherehe imekaribia kuanza na dada yake amesimama getini analia, akaniomba nimpe keki. Nikasema mwanamume hamkabidhi mtu mzigo wake katikati ya mlima. Niliisema vizuri sana, ila pumzi iliniishia kwenye neno "mwanamume".

Nyuma yake nikamwona mke wangu anateremka, viatu mkononi, sketi imekunjwa. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alinizunguka tu, akafungua mafundo mawili, akaipokea keki mgongoni mwangu kama mtu anayemchukua mwanawe kwa yaya aliyesinzia. Akaiweka kwenye keria ya Kifaru. Akauliza betri iko wapi. Nikasema haiko mbali sana. Akasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kisha wakapanda, kaka akisukuma, dada ameshikilia boksi kwa mikono miwili, na hawakugeuka.

Niliumia. Nasema ukweli, kwa sababu hapa hapasomwi na mtu.

Nilipofika jikoni mwa chuo, umati ulikuwa umemzunguka mpishi. Alikuwa amefungua kifurushi juu ya ubao wa kukatia, kisu mkononi, akiuliza mwenye bucha amemletea nyama gani yenye tundu la chaji. Watu wakacheka hadi wakashikana. Shemeji aliitazama betri. Akanitazama. Nikaona mizani ya jana inarudi machoni mwake, mshale na yote. Hakunitia aibu. Alimuuliza tu mpishi kama yule mbuzi naye alipimwa bila kichwa.

Keki ilikuwa imelala upande wa mgongo wangu. Mke wangu aliomba kisu na dakika chache. Akanyoosha, akajaza sukari, akahamisha maua, na penye alama ya kona ya boksi akaweka kile kikofia. Matroni akaonja. Akaonja tena. Akasema keki moja kila Jumamosi, na siku za mitihani keki mbili. Mke wangu akafunika uso kwa aproni. Mimi machozi yalinitoka. Aliyeuliza nilimwambia ni jasho.

Jumapili, 9 Juni

Kikao cha familia. Mama mkwe alikaa kiti cha mbele, dalili mbaya.

Mke wangu amesema hivi: kazi ya keki imepatikana, na Unyoya ni mali ya kazi ya keki. Ataiendesha kaka yake, keki na mikate pamoja, ikiwa na betri, kengele, kiti cha binadamu na keria. Fundi amekwisha kuirudishia kila kitu. Keria ilikombolewa kwa Mama Mapacha kwa keki ndogo ya ndizi. Mimi nitachukua Kifaru, nisaidie kubeba unga. Nilisimama, nikasema kwamba hilo ndilo wazo nililokuwa nalo tangu mwanzo. Mama mkwe alikohoa.

Sharti ni moja: nisiguse hata skrubu. Nikaapa. Mke wangu akanipa mkono, akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu jana. Nitamfanyia mambo makubwa mwanamke yule.

Jumanne, 11 Juni

Leo shemeji amenipita mlimani, anapiga mluzi. Akanigongea kengele. Kengele yangu! Mimi nasukuma Kifaru, ulimi nje.

Nimekaa studio nikatafakari. (Mteja yuko kigodani, anasubiri, hana haraka.) Watu wote wanaikosea Kifaru. Kifaru haina tatizo la mwendo. Tatizo lake ni uzito, na tangu enzi za marehemu baba mkwe hakuna aliyekaa chini akaichunguza kitaalamu. Nimeichunguza. Keria ile ni chuma kitupu, nene kama geti la benki! Na kiapo kilitaja skrubu. Keria imefungwa kwa nati.

Imetoka kwa spana ya kuazima. Kifaru sasa ni mnyama mwingine kabisa. Nikiondoa na madigadi, shemeji atanitafuta kwa tochi. Keria nimempelekea Mama Mapacha, maana tangu ile nyingine irudi sahani zake ziko sakafuni. Amenibariki upya.

Mke wangu amepita dirishani kunikumbusha gunia la unga, kesho asubuhi, kwa keki ya Jumamosi. Nimemwambia alihesabu limefika. Shuka ninalo.