Pakiti ya Kijani na Linux Yangu

Jumatatu, 4 Novemba
Nimeamua. Naweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Si ile laini ya kubonyeza-bonyeza. Ile ngumu! Skrini nyeusi tupu, unajijengea kila kitu kwa kuandika amri. Shemeji Bun-hiong, mdogo wa mke wangu, aliiweka kwa siku tatu, na tangu hapo anatembea mji wetu wote wa Chiayi kifua mbele kama ameoa upya. Mimi siku moja inanitosha. Shule niliacha kidato cha pili, sawa, lakini jeshini nilitengeneza rada kwa kijiti cha kulia wali. Meli mbili za adui ziligeuza. (Mwaka jana nilisema moja. Sasa nakumbuka vizuri zaidi.)

Jumapili mama mkwe anatimiza miaka themanini. Nimeitangazia familia: nyimbo zake zitapigwa na mashine niliyoijenga kwa mikono yangu. Nyimbo zenyewe 312. Mke wangu Siu-bi kazitoa kwenye kaseti kuukuu, mojamoja, mwaka mzima, akaziweka kwenye diski ndogo ya kuchomeka. Kaniambia niguse vyote humu ndani, hiyo diski niiache.

Jumanne, 5 Novemba
Kwanza pakiti. Huku kwetu Taiwan, mashine bila pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi juu yake haitulii, hata mtoto mdogo anajua. Iwe kijani, isifunguliwe, tarehe isiwe imepita. Dukani kijani zimekwisha! Zimebaki za njano, na njano kwenye mashine ni kutafuta balaa. Mtu wa kawaida angerudi nyumbani. Mimi nimenunua ya njano, nikaivisha mfuko wa kijani wa mboga. Hata mimi mwenyewe nimedanganyika.

Siu-bi kauliza kama nadhani kompyuta ni kipofu. Nikamjibu kwani ina macho? Kaendelea kukunja nguo. Nimeshinda.

Alhamisi, 7 Novemba
Amri zinakwenda kama maji. Nimechomeka diski ya Siu-bi, ili Linux ikiwaka tu nyimbo zianze. Si kuigusa huko. Ni kuichomeka.

Mashine ikataka kujua ifute diski ipi ijengee hapo: a au b. Maelezo ya kurasa arobaini yanasema angalia kwanza ukubwa wa kila diski. Kuangalia ni kwa waoga. Nikaandika b. Ikauliza kama nina hakika. Mimi! Ikauliza tena. Natukanwa na kibodi! Nikabonyeza kwa nguvu hadi bakuli langu la wali wa bata mzinga likaruka.

Saa nane mchana IMEWAKA. Siku moja! Nikampigia Bun-hiong nimsikie akimeza mate.

Halafu nikatafuta nyimbo. Hakuna hata moja. Linux yangu imejengwa juu ya nyimbo zenyewe.

Jumamosi, 9 Novemba
Chanzo nimekipata: pakiti. Mashine imeiona njano chini ya mfuko. Bun-hiong kauliza kwa simu nilifuta diski ipi. Nikamweleza habari za mvua.

Siu-bi kaomba asikie wimbo mmoja tu. Nikasema sauti bado sijaijenga. Basi aone hata jina lake kwenye skrini. Nikasema na majina bado. Kaniangalia. Nikasema ukweli.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Kasema tu, "Mama hana mwaka mwingine wa kunisubiri." Kaenda kukaa jikoni. Chakula cha jioni sikukifaidi. Bakuli la tatu sikulimaliza.

Jumapili, 10 Novemba
Bun-hiong kaingia na sanduku na redio ya kaseti. Zile kaseti! Siu-bi alinipa nikazitupe, nikamsukumia Bun-hiong kazi, naye akazificha stoo kwake. Mama mkwe kaimba hadi kofia ya sherehe ikamdondoka. Kasema nyimbo bila mkwaruzo ule si zake, ni za watu wengine. Siu-bi kalia, kisha kacheka, kisha kacheza.

Nikasimama kuwaeleza wageni kwamba bila mimi kaseti zingekuwa bado stoo. Kweli tupu! Mama mkwe kaniambia, "Mkwe wangu, kaa ule. Unapendeza mdomo ukijaa."

Wote wameona anavyonipenda.

Jumatatu, 11 Novemba
Siu-bi kaanza upya, wimbo wa kwanza, kwenye kompyuta yake mwenyewe. Nimeiangalia. Nzito, maskini. Inahitaji Linux. Kaenda sokoni, nitamshangaza.

Dukani kijani zimefika. Nimeweka mbili, za kijani kweli, tarehe ya mwakani. Hakuna cha kuharibika. Inauliza a au b. B ilinisaliti, basi a.

Sasa inauliza kama nina hakika. Mpaka leo haijanijua tu.